Metallica wanasifiwa kupita kiasi? Muulize Dave Mustaine

JUMAMOSI moja mwezi uliopita nilikuwa soko la Toi nikipekua mitumba kama kawaida yangu, nikaona fulana mbili nyeusi zimeanikwa kwenye kamba moja. Ya kwanza ilikuwa ya Metallica. Ya pili ilikuwa ya Megadeth. Kitambaa ni kile kile, zote zimepauka kidogo mabegani, zote saizi yangu. Nikauliza bei. Ya Metallica, Sh600. Ya Megadeth, Sh200, na ukiringa kidogo anakupunguzia.

Nikauliza kwa nini tofauti kubwa hivyo. Muuzaji akaniangalia kama mtu aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. “Boss, hii ndiyo watu wanajua,” akasema akigusa ile ya Metallica. “Hiyo ingine wananiuliza kama ni ya mashetani.”

Maze, nilicheka. Lakini nilipanda matatu na hilo swali kichwani, na halijatoka hadi leo. Nani alipanga hiyo bei? Wewe mwenyewe unajua hali ilivyo. Nusu ya vijana wanaovaa fulana ya Metallica hapa mjini hawawezi kukutajia nyimbo tatu za hiyo bendi. Wanavaa juu herufi zake zimekaa vizuri kifuani. Halafu kuna sisi wengine, wachache, ambao tukikutana kwa kinyozi tunaweza kubishana mpaka stima ipotee na irudi: kati ya Metallica na Megadeth, nani mkali, na nani anabebwa na jina tu?

Nikiri upande wangu mapema. Mimi ni wa Megadeth. Nimekuwa wa Megadeth tangu kidato cha pili, binamu yangu aliponiletea flashi yenye nyimbo zaidi ya mia mbili na akaniambia nisizicheze mamangu akiwa nyumbani. Kwa hivyo ukiona nawasema Metallica, jua kuna chuki ya zamani hapo. Na ukiona nawasifu, jua imeniuma.

Kwa wewe ambaye hii kitu ni ngeni, hadithi ni fupi. Mwaka 1981 mjini Los Angeles, kijana aliyetoka Denmark, Lars Ulrich, mpiga dramu, aliweka tangazo gazetini akitafuta wenzake wa kupiga nao muziki. Akajitokeza James Hetfield. Baadaye wakampata Dave Mustaine, jamaa wa nywele nyekundu, mwenye mkono mwepesi kwenye gitaa na mdomo mwepesi zaidi. Siku hizo Mustaine ndiye aliyekuwa akiwazungumzia jukwaani, juu Hetfield alikuwa mtu wa haya.

Aprili 11, 1983, bendi ikiwa New York ikijiandaa kurekodi albamu yake ya kwanza, wakamwamsha Mustaine asubuhi na kumwambia ametimuliwa. Sababu: pombe na fujo. Si ati hao wengine walikuwa watakatifu. Walikunywa wote. Lakini Mustaine akilewa alikuwa mtu wa ngumi. Wakamkatia tiketi ya kurudi California. Si ndege, msomaji. Basi. Siku nne hivi kuvuka Marekani kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kwa maelezo yake mwenyewe hakuwa hata na pesa ya chakula. Nafasi yake ilikuwa imeshatengewa Kirk Hammett kutoka bendi ya Exodus.

Ndani ya hilo basi akapata karatasi ya seneta mmoja wa California iliyozungumzia silaha za nyuklia. Humo ndimo alimoliona neno “megadeath”, yaani vifo milioni moja, hesabu wanayoitumia watu wanaopanga vita vya nyuklia. Akaanza kuandika mashairi mgongoni mwa hiyo karatasi. Herufi moja ikatolewa kwenye lile neno, na hilo likawa jina la bendi.

Sasa fikiria wewe ni shabiki wa miaka 15 na unasikia hadithi kama hiyo. Utakuwa upande wa nani? Hakuna anayekuwa upande wa mwenye kukata tiketi.

Na kuna ushahidi, tena wa maandishi. Kill 'Em All, albamu ya kwanza ya Metallica, ilitoka Julai 1983, miezi mitatu tu baada ya Mustaine kufukuzwa. Ina nyimbo 10, na nne kati yake zina jina lake kwenye orodha ya watunzi. Ya pili, Ride the Lightning ya 1984, ina mbili, ikiwemo ile iliyobeba jina la albamu nzima. Kwa hivyo mashabiki wa Megadeth tukifika hapo huwa tunafunga kesi. Tunasema walijenga nyumba kwa mawe ya mtu, kisha wakamfungia nje.

Lakini hebu tufanye jambo moja, mimi na wewe. Weka spika za masikioni. Tafuta wimbo unaoitwa The Four Horsemen, wa Metallica, kwenye hiyo albamu ya 1983. Ukimaliza, tafuta Mechanix, wa Megadeth, kwenye albamu yao ya kwanza ya 1985. Ni wimbo mmoja huo. Mustaine alikuwa nao kabla hata ya kukutana na Metallica. Kwa Metallica ulipewa maneno mapya, ukapunguzwa mwendo na kuwa na sehemu tulivu katikati, hadi ukafika dakika 7 na ushei. Mustaine naye, alipopata bendi yake, akaurudishia maneno yake ya zamani (yanahusu kituo cha petroli, na niamini, si petroli anayoizungumzia), akauendesha kama matatu ya Rongai iliyochelewa kuwahi abiria wa jioni. Dakika 4 na kitu, umeisha.

Nimesikiliza hizo mbili mara nyingi kuliko ninavyopaswa kukubali hadharani. Na ukweli usemwe: ile ya Metallica ni bora. Sehemu ya katikati, gitaa linapoacha kukimbia na kuanza kutembea, ndiyo inayoufanya wimbo uwe na mahali unapokwenda. Mechanix ni mtu anayebishana. Unamsikia kabisa anasema, mnaona, ni mimi niliyeitunga, na naweza kuipiga haraka kuwashinda. Mara ya kwanza inakupandisha mori. Mara ya kumi unachoka, kama vile unavyochoka na rafiki ambaye kila mkikutana anarudia kisa cha yule aliyemwacha.

Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kushuku kwamba hesabu zetu sisi wa Megadeth zina kasoro.

Turudi kwa Metallica. Swali la wengi ni kama wanasifiwa kupita kiasi. Mimi nasema inategemea unazungumzia miaka gani, na mtu asiyetaja miaka usibishane naye, atakupotezea wakati. Ukitaja 1983 hadi 1988, hapana, hawajasifiwa kupita kiasi. Master of Puppets, ya Machi 1986, ni kazi ambayo hata baada ya miaka yote hii vijana wanaitafuta. Mwaka 2022 ilitumika kwenye Stranger Things na watoto ambao wazazi wao hawakuwa wamekutana ilipotoka wakaanza kuipiga usiku na mchana. Maktaba ya Bunge la Marekani imeiweka kwenye hifadhi yake ya rekodi za kutunzwa. Si mchezo. Na mtu ambaye hatajwi vya kutosha hapo ni Cliff Burton, mpiga besi. Bendi ilihama Los Angeles ikaenda upande wa San Francisco kwa ajili yake, kwa sababu alikataa kuhamia kwao. Alikuwa mtu wa kusikiliza Bach, na unasikia hilo katika vile vipande vyao visivyo na maneno, gitaa juu ya gitaa bila kukanyagana.

Burton alikufa Septemba 27, 1986, basi lao lilipopinduka nchini Sweden. Alikuwa na miaka 24. Mabasi, maze. Hii hadithi yote imejaa mabasi.

Albamu iliyofuata, ...And Justice for All ya 1988, ilimkuta mpiga besi mpya, Jason Newsted, na ukitaka kumsikia humo itabidi ufunge madirisha na uombe majirani wanyamaze. Besi imezimwa karibu yote. Nyimbo ni ndefu, ngumu, na nzuri, lakini zimekauka kama githeri la jana. Bado naiweka upande wa kazi nzuri.

Halafu ikaja Agosti 1991. Albamu iliyopewa jina la bendi yenyewe, ambayo kila mtu anaiita ile nyeusi. Prodyuza Bob Rock aliwafupisha, akawapunguza mwendo, akamfundisha Hetfield kuimba badala ya kubweka. Iliingia namba 1 Marekani, na mpaka leo imeuza nakala zaidi ya milioni 16 huko peke yake. Hiyo ndiyo iliyozaa fulana ya Sh600. Kama unajua wimbo mmoja tu wa Metallica, basi umetoka humo, na pengine uliusikia harusini bila kujua.

Mimi siidharau hiyo albamu. Imetengenezwa vizuri, kila kitu kiko mahali pake. Ila hapo ndipo msemo wa wazee unapoingia: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Load mwaka 1996, Reload mwaka uliofuata, na kufika St. Anger ya 2003 dramu ya Ulrich ilikuwa inalia kama sufuria tupu inayogongwa na mwiko. Dakika zaidi ya 70 za sufuria. Na watu waliinunua, ikaingia namba 1, kwa sababu jina lilikuwa limeandikwa Metallica. Bendi nyingine yoyote ingeleta kazi hiyo, ingeambiwa irudi nyumbani ikapike. Kwa hivyo kama unauliza kusifiwa kupita kiasi kuko wapi, kuko hapo: si kwenye muziki waliopigia jina, bali kwenye muziki uliobebwa na jina. Tangu wakati huo wamekuwa kama landlodi wa Umoja. Alijenga ploti kwa jasho miaka hiyo, siku hizi anakusanya kodi tu. Huwezi kumwita mwizi. Lakini usimwite fundi.

Kuna kitu kingine, na hiki kinanihusu. Aprili 2000 Metallica waliishtaki Napster, ile programu ya watu kugawana muziki kwenye intaneti, na wakapeleka majina ya watumiaji zaidi ya laki tatu. Wakati huo wengi walisema: kumbe nyinyi? Nyinyi ambao kanda yenu ya majaribio ya 1982 ilienea kwa sababu vijana walikaa vyumbani wakinakili kanda na kutumiana kwa posta? Nami nilisema hivyo hivyo miaka mingi baadaye, nikiwa na ile flashi ya binamu mfukoni. Nimebadilika kidogo tangu watu waanze kunakili makala zangu na kuzibandika kurasa zao bila hata kutaja jina langu. Saa hii nawaelewa Metallica kuliko ninavyopenda. Bado naona walikosea kuwaandama mashabiki, lakini ile hasira naijua ladha yake.

Haya, Megadeth.

Kama hujawahi kusikia Rust in Peace, ya Septemba 1990, acha kusoma uende. Nitakungoja. Mustaine alikuwa amebadilisha wapigaji wake kama mtu anayebadilisha laini za simu, na safari hiyo akawapata wawili waliofaa: Marty Friedman kwenye gitaa na Nick Menza kwenye dramu, huku David Ellefson akiendelea na besi. Wimbo wa kwanza, Holy Wars, unabadilika katikati kabisa, kama mtu aliyeingia Globe akielekea Thika Road akajikuta amefika Westlands, na bado unajikuta unafuata. Hangar 18 una magitaa mawili yanayopokezana zamu, moja likimaliza lingine linadakia, na kila zamu inapanda juu ya iliyopita. Na Mustaine anaimba huku akipiga vitu ambavyo wapigaji wengine huvipiga wakiwa wamenyamaza na kukodoa macho. Jaribu kukuna nazi kwa mkono mmoja huku ukiandika jina lako kwa mwingine, ndiyo utaelewa.

Na sasa sikiliza tena Hangar 18, mwanzo wake, halafu uweke The Call of Ktulu, ule wimbo wa Metallica usio na maneno unaofunga Ride the Lightning. Mpangilio wa kodi ni ule ule. Mustaine alikuwa na haki, jina lake liko kwenye wimbo huo wa 1984. Lakini ona: ni 1990, ana bendi bora kuliko zote alizowahi kuwa nazo, na bado kidole kinarudi kwenye kile alichoacha nyuma.

Hapo ndipo nilipoanza kumsikiliza vingine.

Juu ukweli ni kwamba Megadeth pia wanasifiwa kupita kiasi, na wanaowasifu hivyo ni sisi. Sauti ya Mustaine ni ya paka aliyebanwa mlangoni, na tunaiita ya kipekee. Risk, ya 1999, walipojaribu kuwa bendi ya redioni, ni albamu ambayo tungewachinja nayo Metallica kama ingekuwa yao. Tumeisamehe. Kwa nini? Kwa sababu ya basi. Kila albamu ya Megadeth tunaisahihisha tukiwa na ile safari ya siku nne akilini, na tunaongeza alama za huruma. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, na Mustaine ameivuta ngozi hiyo kwenye mahojiano na hadi kwenye kitabu cha maisha yake, nasi tumemsaidia kuvuta.

Mwaka 2004 ilitoka filamu kuhusu Metallica, Some Kind of Monster. Bendi imekwama, mwanasaikolojia ameajiriwa kuwapatanisha, na katikati ya mambo hayo Mustaine anakuja kukaa kiti kimoja mbele ya Lars Ulrich. Analalamika. Si kwa matusi, kwa majonzi. Mtu mzima, miaka karibu 20 baada ya tukio, anamweleza mwenzake jinsi ilivyokuwa kuishi kama wa pili. Nilipoitazama mara ya kwanza nilitaka kuingia kwenye skrini nimkumbatie.

Mara ya pili nilitazama hesabu zake. Countdown to Extinction, ya 1992, iliuza zaidi ya nakala milioni 2 Marekani peke yake. Iliingia kwenye chati ikiwa namba 2. Namba 2 katika nchi yote! Na aliyeizuia namba 1 hata hakuwa Metallica. Alikuwa Billy Ray Cyrus, baba yake Miley, yule mzee wa kofia aliyeimba Old Town Road na Lil Nas X. Msanii yeyote unayemjua hapa angetoa figo kwa maisha hayo. Ila Mustaine alikaa mbele ya Ulrich akasema ni kama ameshindwa, kwa sababu alikuwa anajipima kwa futi ya mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye aliyemkatia tiketi.

Umeona? Aliyewasifu Metallica kupita kiasi kuliko shabiki yeyote, kuliko gazeti lolote, kuliko yule muuzaji wa Toi, ni Dave Mustaine mwenyewe. Mimi nawapa fulana. Yeye aliwapa haki ya kuamua kama maisha yake yamefaulu.

Nisingelijua hilo kama nisingelikuwa nimefanya lile lile. Niliacha chuo mwaka wa pili. Sitataja chuo. Nilikuwa nasoma uhasibu, karo ilibaki salio la Sh38,000, mlango wa mtihani ukafungwa, na muhula uliofuata sikurudi. Mamangu nilimwambia ni likizo ndefu. Aliniamini kwa miezi mitatu, au alijifanya kuniamini, hatujawahi kulizungumzia vizuri. Lakini kikundi cha WhatsApp cha darasa sikujitoa. Nikakaa humo kimya kama mjusi ukutani. Zikaja picha za mahafali, joho, mashada ya kumetameta shingoni, shangazi wa watu wakilia. Nikabaki nahesabu. Huyu ameajiriwa Upper Hill. Huyu amepata udhamini wa masomo ng'ambo. Huyu ambaye nilikuwa namfundisha hesabu za madeni, ana gari.

Na nilikuwa na majibu yangu tayari. Digrii ni karatasi. Wenye akili hawahitaji cheti. Nilikuwa na orodha ya matajiri walioacha chuo, unaijua hiyo orodha, kila aliyeacha chuo anayo. Nilikuwa nayaandika hayo saa nane za usiku, na ukipiga hesabu ya tarehe utagundua kila andiko langu kali lilitoka wiki ambayo mtu wa darasa letu amepata kazi. Nilikuwa napiga Mechanix. Haraka, kwa hasira, wimbo ule ule.

Kwa miaka hiyo nilijiita mtu wa Megadeth kwa majivuno, kama cheo. Nilidhani ni bendi ya waliotimuliwa ambao hawakupiga magoti. Kumbe nilichokipenda zaidi si gitaa, ilikuwa ruhusa ya kuendelea kukasirika.

Ngoja nikupe kisa kingine kidogo, ambacho ni cha kuchekesha kama una roho ngumu. Februari 2017 Megadeth hatimaye walishinda Grammy, kwa wimbo Dystopia, baada ya kuteuliwa na kukosa mara nyingi. Mustaine anaitwa, anainuka, anatembea kuelekea jukwaani, usiku wake wa maisha. Na bendi ya ukumbini, ya kumsindikiza mshindi, inapiga wimbo gani? Master of Puppets. Wa Metallica. Mtu unaweza kusubiri zaidi ya miaka 30 na bado ukapigiwa wimbo wa jirani siku ya harusi yako. Kusema kweli alijibeba vizuri usiku ule, alijifanya anapiga gitaa hewani akaendelea na safari.

Hii kasumba ya kupima kila kitu kwa Metallica ipo hata hapa kwetu. Nenda tamasha lolote la roki hapa Nairobi, hayo madogo ya watu mia moja, na kabla bendi haijamaliza wimbo wa pili msee wa nyuma ashauliza kama hawa ndio Metallica wa Kenya. Mwaka 2020 Martin Khanja na Sam Karugu, waliokuwa wakijiita Duma, walitoa albamu kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ni mayowe, mashine na midundo inayokimbia mpaka kichwa kinauma kwa raha. Ukitafuta Metallica humo ndani hutaiona. Ukitafuta Megadeth, hutaiona pia. Wazungu waliandika kuihusu kuliko sisi, na mtaani kwangu nimekutana na watu watatu tu wanaoijua. Hiyo fulana sijui ingeuzwa ngapi Toi.

Najua utaniuliza jibu langu, kwa hivyo lichukue uende nalo kwa kinyozi. Metallica wa 1983 hadi 1988 ni bendi kubwa kuliko Megadeth, na hata Sh600 ni bei ya kutupa. Metallica wa baada ya 1991 wamesifiwa kuliko kazi yao. Megadeth kwa jumla ni wapanda mlima wanaoteleza kila baada ya hatua tatu. Lakini albamu moja kwa moja, bila huruma, bila basi, Rust in Peace inaipita Master of Puppets kwa upana wa unywele, na hapo sitarudi nyuma hata ukiniletea wazee wa mtaa.

Mwaka 2025 Mustaine, ambaye alishapona saratani ya koo, alitangaza kwamba Megadeth inafika mwisho, na kwamba pamoja na albamu ya mwisho amerekodi upya wimbo mmoja wa zamani. Ride the Lightning. Ule wa 1984, wenye jina lake kwenye watunzi, ulio kwenye albamu ya bendi nyingine. Kwenye kikundi chetu watu walimcheka, wakasema mzee hajawahi kushuka kwenye lile basi. Nilianza kuandika jibu la kumtetea, nikalifuta. Labda safari hii hakuwa anabishana na mtu. Labda alitaka tu kuupiga.

Fulana nilinunua ile ya Sh200. Muuzaji alipokuwa akiikunja aliniuliza hiyo bendi ni ya akina nani. Nikaanza kumweleza: mwaka 1983, New York, kulikuwa na jamaa kwenye bendi ya Metallica. Nilikuwa nimefika kwa Kirk Hammett wakati msichana mmoja alipokuja akaichukua ile nyingine, akatoa Sh600, na hakubishana hata shilingi moja.